Uzi: Kutafuta kesi za afya na maamuzi ya mamlaka TanzLII, Kenya Law na kwingineko. Neno "afya" litakupoteza

Mtunza Majalada

Wakuu, habari za Jumamosi.

Kazi yangu ni ya chumba cha nyuma. Niko kwenye ofisi ya mawakili hapa Dar, natafuta kesi. Saa kumi na moja jioni wakili anachungulia mlangoni: "Nitafutie kitu cha daktari aliyefutiwa usajili bila kusikilizwa, kesho asubuhi niko mahakamani." Anaondoka. Mwaka wa saba huu nakula kwa jasho hilo.

Kila wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wanapokuja, kosa ni lilelile. Wanafungua TanzLII, tovuti ya bure ya hukumu na sheria za Tanzania, wanaandika "health", wanabonyeza. Yanakuja maelfu ya majibu. Wanafungua la kwanza, ni mauaji, daktari kaeleza chanzo cha kifo. La pili, ubakaji, humo mna PF3, fomu ya polisi ya matibabu. La tatu, mrufani kaomba dhamana kwa sababu ya afya yake. Kufikia la kumi wamechoka, wanakwambia Tanzania hakuna kesi za sheria ya afya.

Zipo. Ila nyingi zimejificha ndani ya sheria ya utawala. Muuguzi aliyefukuzwa kazi ni kesi ya utumishi wa umma. Zahanati iliyofungiwa ni kesi ya leseni. Dawa zilizozuiwa bandarini ni kesi ya mamlaka na mipaka ya madaraka yake. Hakimu hana haja ya kuandika neno "afya" zaidi ya mara moja, na pengine ni kwenye jina la mjibu maombi.

Kwa hiyo mimi sitafuti mada, natafuta uamuzi. Nani aliamua? Alitumia kifungu gani? Hatua gani aliiruka? Ukishajibu hayo una maneno ya kuandika kwenye kisanduku cha kutafutia.

Mfano wa kubuni: hospitali binafsi imefungiwa kwa barua ya ukurasa mmoja, hakuna aliyeitwa kujieleza. Ninaandika "right to be heard" ndani ya alama za kunukuu, ili mashine isiyatawanye maneno, naongeza licence. Halafu narudia yote kwa license, maana makarani na majaji wetu huandika vyote viwili na mashine haijui ni kitu kimoja. Kisha narudia kwa revoked, suspended, cancelled, closure. Nachuja mahakama: Mahakama ya Rufani kwanza, Mahakama Kuu baadaye. Hukumu za zamani nyingi ni karatasi zilizopigwa picha na kusomwa na mashine, herufi zinakosewa, kwa hiyo neno moja likigoma jaribu jirani yake.

Nikipata hukumu moja nzuri, naacha kutafuta kwa maneno. Naangalia upande wa nukuu: hukumu hii imetaja zipi, na zipi zimeitaja hii. Hapo ndipo mgodi ulipo. Chukua Sanai Murumbe dhidi ya Muhere Chacha [1990] TLR 54 (TLR ni juzuu za hukumu, Tanzania Law Reports). Mle Mahakama ya Rufani imeorodhesha sababu za Mahakama Kuu kuingilia uamuzi wa chombo cha chini: kimezingatia yasiyohusika, kimeacha yanayohusika, hakikuwa na mamlaka au kimeyavuka, kimefikia hitimisho ambalo hakuna mwenye akili timamu angelifikia, kimekiuka haki ya asili, au utaratibu wenyewe ni haramu. Kila anayeomba certiorari, yaani amri ya kufuta uamuzi, huinukuu. Fuata walioinukuu, chuja kwa jina la baraza au wizara, na zile za afya zitaanza kujitokeza zenyewe. Fanya hivyohivyo na Mbeya-Rukwa Autoparts [2003] TLR 251, iliyosema haki ya kusikilizwa si kanuni tu ya kurithi kwa Waingereza, kwetu ni haki ya kikatiba, ibara ya 13(6)(a).

Sasa majina. Hapa ndipo watu wanapopotea zaidi. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ilikuwa ya 2003, mamlaka yake ikiitwa TFDA. Mwaka 2019, kupitia Sheria ya Fedha, chakula na vipodozi vikahamia TBS (Shirika la Viwango), mamlaka ikawa TMDA (ya dawa na vifaa tiba) na sheria yenyewe ikabadilishwa jina. Ukiandika TMDA peke yake umejinyima kesi zote za kabla ya hapo. Madaktari nao: ile ya zamani, Sura ya 152, ilifutwa na sheria mpya ya 2017. Kesi ya 2012 inazungumzia baraza lenye jina unalolijua, lakini vifungu vyake si hivi vya sasa.

Na lugha. Tangu marekebisho ya 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria. Tafuta "haki ya kusikilizwa" na pia "right to be heard", "kufutiwa leseni" na pia revocation. Kwenye sheria mpya kama ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, au ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ambayo inagusa sana mafaili ya wagonjwa, mwenye kutafuta kwa lugha moja anaona nusu.

Kanuni nitazieleza mkiniuliza, vidole vimechoka.

Kipira cha Kona

Nimeweka kiti mbele kabisa. Shusha nondo mkuu.

chipukizi_sheria

Mkuu asante kwa madini. Niko mwaka wa tatu, nimechagua kuandika tasnifu kuhusu haki ya afya. Swali langu: kwa nini tuzunguke kote huko kwenye leseni na barua? Si mtu afungue tu kesi kwamba haki yake ya afya imevunjwa? Wakenya wanafanya.

Mtunza Majalada

Wakenya wana ibara ya kushika, mdogo wangu. Sisi fungua Katiba ya 1977, ibara ya 11. Inataja ustawi wa jamii wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Sasa rudi nyuma usome ibara ya 7(2): yaliyomo kwenye sehemu hiyo hayawezi kutekelezwa na mahakama yoyote. Ni malengo, siyo haki za kudai. Unaweza kupita ibara ya 14, haki ya kuishi, ila huko kuna Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, Sura ya 3, na baada ya marekebisho ya 2020 lazima uonyeshe jambo limekugusa wewe mwenyewe. Taasisi za utetezi zilizozoea kufungua kesi kwa niaba ya umma zinajua maumivu ya hapo.

Ndiyo maana sheria ya utawala kwetu ndiyo mlango unaofunguka. Huhitaji kuthibitisha una haki ya kupata dawa. Unathibitisha aliyekunyima hakufuata utaratibu alioandikiwa. Ukiniuliza mimi, tasnifu yako iko hapo, lakini msimamizi wako si mimi.

Mwana wa Kisumu

Jameni, Mkenya ameitwa amefika.

Ni kweli, Katiba yetu ya 2010 ina ibara ya 43(1)(a) juu ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa, na 43(2) kwamba mtu hawezi kunyimwa matibabu ya dharura. Lakini ndugu chipukizi asidhani huku tunaruka sheria ya utawala. Tuna ibara ya 47 kuhusu hatua za kiutawala zilizo za haki, na sheria yake namba 4 ya 2015. Kesi kali za afya huku zinaunganisha zote mbili.

Ingia Kenya Law, ni bure, hata huhitaji kujisajili. Anza na Patricia Asero Ochieng, Petisheni namba 409 ya 2009, hukumu ya Aprili 2012, Jaji Mumbi Ngugi. Watu watatu wanaoishi na virusi vya Ukimwi walipinga Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya 2008 kwa sababu maana ya "ghushi" ilikuwa pana kiasi cha kumeza dawa halali za bei nafuu. Walishinda. Halafu Petisheni 562 ya 2012, ya akina mama wawili waliozuiliwa hospitali ya Pumwani baada ya kujifungua kwa sababu ya bili. Ile ni ya 2015, jaji yuleyule. Ukifuata nani amezitaja hizo mbili, utakula wiki nzima.

Tahadhari kwa majirani: zamani tulinukuu kwa eKLR, sasa kuna namba kama KEHC (Mahakama Kuu) na KECA (Mahakama ya Rufaa). Kesi moja inaweza kuwa na rejea zote mbili. Ukikosa kwa hii, jaribu kwa ile, au tafuta kwa namba ya petisheni, haibadiliki.

Mtunza Majalada

Hapo kwenye sheria ya 2015 umenigusa. Waambie na kifungu cha 9.

Mwana wa Kisumu

Haha, hicho ndicho kinachotuua. Kifungu cha 9(2): korti haikusikilizi mpaka umalize njia za ndani za rufaa, labda uombe uondolewe sharti hilo kwa sababu za kipekee. Hata kabla ya sheria hiyo tulikuwa na Speaker of the National Assembly dhidi ya Karume ya 1992, kwamba sheria ikiweka njia, pita njia hiyo. Kesi nyingi za afya zinafia kwenye pingamizi la awali, hata hoja yenyewe haijaguswa. Kwa hiyo mtafiti asome pia kesi zilizoshindwa.

Mtunza Majalada

Sahihi. Kwetu muuguzi wa serikali akifukuzwa, Sheria ya Utumishi wa Umma tangu 2016 inamtaka amalize kwanza njia za ndani. Ukitafuta kesi za wauguzi na waganga waliofukuzwa, kundi kubwa utakalokuta limeishia mlangoni hapo.

Na kwa kuwa tumefika kwenye kesi zinazokufa na kufufuka, nikiri aibu yangu. Mwaka wangu wa kwanza tulikuwa upande wa mjibu maombi, jambo lilihusu huduma za uzazi. Nikakuta uamuzi wa Mahakama ya Katiba ya Uganda, kesi ya shirika la utetezi wa afya CEHURD, Petisheni namba 16 ya 2011, umetupilia mbali madai ya vifo vya wajawazito hospitalini kwa hoja kwamba hayo ni mambo ya siasa na mgawo wa bajeti, mahakama isiingie. Wa 2012. Nikafurahi kama nimeokota dhahabu. Nikauchapa, nikampa wakili, wakili akausoma kwa sauti nzuri. Wakili wa upande wa pili akasimama na karatasi moja tu: Mahakama ya Juu ya Uganda, Oktoba 2015, imeutengua uamuzi huo na kuamuru kesi isikilizwe.

Wakili wangu hakunigombeza. Alikaa kimya kwenye gari kutoka mahakamani hadi ofisini, na foleni ya siku ile mnaijua.

Kesi ile ikaendelea, na Agosti 2020 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba serikali ilishindwa wajibu wake kwa kutotoa huduma za msingi za uzazi, na familia zikaamriwa fidia. Mtu akiishia 2012 ana picha iliyopinduka kabisa. Zote ziko ULII, tovuti ya hukumu za Uganda. Tangu siku hiyo sitoi karatasi kabla ya kutafuta jina la kesi tena kwenye mahakama ya juu yake, na tena kwa majina ya wadaawa yaliyogeuzwa, maana rufani ikikatwa aliyekuwa wa pili anakuwa wa kwanza.

Mwana wa Kisumu

Na huku usiangalie miaka tu, angalia miezi. Julai 2024 Mahakama Kuu ilitangaza sheria tatu za afya za 2023, ikiwamo ya bima ya afya ya jamii, kuwa kinyume cha Katiba kwa kukosa ushirikishi wa kutosha wa umma. Septemba mwaka huohuo Mahakama ya Rufaa ikasimamisha hukumu hiyo, na Oktoba SHA, mamlaka ya bima hiyo mpya, ikaanza kazi mahali pa mfuko wa zamani, NHIF. Aliyesoma gazeti la Julai peke yake bado anabishana kwenye vikundi vya WhatsApp.

chipukizi_sheria

Samahani wakuu, na akili mnemba je? Niliiuliza ikanipa kesi nne za Tanzania za haki ya afya, zina namba na majina ya majaji.

Mzee wa Kabati

Kijana, umezifungua? Nenda TanzLII uziandike moja moja halafu urudi hapa.

New York mwaka 2023, shauri la Mata dhidi ya Avianca, mawakili waliwasilisha kesi za namna hiyo. Hazikuwahi kuwepo. Mahakama iliwatoza dola 5,000. Wao walikuwa na dola hizo.

Nami niongeze jambo, kwa kuwa mnasema mtandao, mtandao. Nilianza uwakili wakati ofisi nzima ina kompyuta moja. Bado kuna vitu haviko huko, au viko nusu. De Souza dhidi ya Tanga Town Council [1961] EA 377, mtumishi wa halmashauri aliyeachishwa kazi, misingi ya kusikilizwa imepangwa mle vizuri kuliko hukumu nyingi za leo. Mnaikuta imenukuliwa mistari mitatu katika hukumu mia. Juzuu yenyewe nenda maktaba, ya Mahakama Kuu au ya Chuo Kikuu pale Mlimani, uombe kitabu. Ukisoma kurasa zote utagundua waliomnukuu wengine hawakuifungua kamwe.

Mtunza Majalada

Shikamoo Mzee. Ni kweli tupu.

Kwa wanafunzi: zile kanzidata za kulipia, Westlaw, LexisNexis, HeinOnline, usikimbilie kadi ya benki. Uliza maktaba ya chuo chako kwanza. Kuna mpango wa GOALI ulioanza 2018 chini ya Research4Life, ambao taasisi za nchi zetu hupata majarida na vitabu vya sheria bure au kwa bei ndogo. Mara nyingi chuo kimejiunga na wanafunzi hawajui nywila iko kwa mkutubi. Kwa kesi za nje SAFLII, tovuti ya hukumu za Afrika Kusini, inatosha: Soobramoney ya 1997, aliyekosa usafishaji wa damu, na Treatment Action Campaign ya 2002, ya nevirapine, dawa ya kumkinga mtoto asipate VVU kutoka kwa mama. Zisome pamoja, moja alishindwa mgonjwa na nyingine ilishindwa serikali, katiba ileile.

Binti Duka

Wakuu naomba msaada, nimesoma uzi wote. Shemeji yangu ana duka la dawa. Mamlaka moja (siitaji) ilimwandikia barua kumsimamishia leseni kwa muda usiojulikana. Hakuitwa, hakuonyeshwa taarifa ya ukaguzi. Barua imetaja kifungu. Nimeingia mtandaoni nimeifungua sheria, kifungu cha namba hiyo kinazungumzia mambo ya ada, hakihusiani kabisa! Je, tayari tumeshinda?

Mtunza Majalada

Dada, pole na shemeji. Polepole hapo.

Barua ni ya lini, na sheria uliyofungua ni toleo gani? Tuna Toleo la Urekebu la Mwaka 2023, lililoanza kutumika 1 Julai 2025. Vifungu vilivyokuwa na herufi, kama 32A, vimepewa namba kamili na vinavyofuata vikasogea. Kama barua iliandikwa kabla ya Julai, inatumia namba za zamani na wewe unasoma za sasa. Fungua toleo la awali, TanzLII huwa wanaweka matoleo kwa tarehe.

Halafu usiishie kwenye sheria mama. Utaratibu wa kumsimamishia mtu leseni, notisi ya siku ngapi, aitwe au asiitwe, mara nyingi umekaa kwenye kanuni, zile za Tangazo la Serikali. Hapo ndipo nilisema nitawaeleza. Kanuni usizitafute kwa jina, tafuta kwa namba ya tangazo hilo (GN) na mwaka. Zisipoonekana TanzLII, jaribu gazettes.africa, kuna magazeti ya serikali ya miaka mingi. Na angalia kama sheria ina sehemu ya rufaa. Nyingi za leseni zinasema nenda kwa Waziri.

Binti Duka

Kaka Mungu akubariki. Ni kweli, toleo la zamani kifungu ni chenyewe. Nimekaa hadi saa hizi lakini kanuni nimezipata, zinasema mwenye leseni apewe nafasi ya kujieleza kwa maandishi kwanza. Rufaa ipo, kwa Waziri. Shemeji aliandika Aprili, nakala yenye mhuri wa kupokelewa anayo. Hajajibiwa mpaka leo. Barua ya kumsimamisha ni ya tarehe 14 Machi, aliipata tarehe 20. Tunamsubiri Waziri.

Mtunza Majalada

Dada, acha kusubiri. Leo ni tarehe 30 Agosti.

Mapitio ya mahakama kwetu yanaenda kwa Sura ya 310 na kanuni zake, GN 324 ya 2014. Kwanza unaomba kibali, na ombi la kibali lina miezi sita tangu uamuzi. Hesabu kuanzia tarehe iliyo kwenye barua, usihesabu kuanzia 20 ili uwe salama. Tarehe 14 Septemba ni Jumapili, kwa hiyo jipe mwisho Ijumaa tarehe 12. Kibali kikitoka, maombi yenyewe yana siku 14. Kuna njia ya kuomba kuongezewa muda, lakini usijenge nyumba juu yake.

Jumatatu asubuhi nendeni kwa wakili mkiwa na barua, bahasha yake, nakala ya rufaa yenye mhuri na ukurasa ule wa kanuni. Mwambie na ukimya wa Waziri, ataangalia kama aombe pia mandamus, amri ya kumlazimisha atoe uamuzi, na atajua la kujibu wakisema hamkumaliza njia za ndani. Asome pia Emma Bayo, Rufaa ya Madai namba 79 ya 2012, Mahakama ya Rufani Arusha, inaeleza hatua ya kibali inataka nini.

Binti Duka

Bahasha tuliitupa.

Mzee wa Kabati

Mhuri wa posta si roho ya kesi, mwanangu. Shemeji aandike leo kwenye daftari namna alivyoipokea, kwa mkono wa nani na mbele ya nani, kabla hajasahau. Itaingia kwenye hati ya kiapo. Jumatatu fikeni mapema, ofisi nyingi wakili anatoka saa mbili kwenda mahakamani.